Pigo Linalia Lini? Utangulizi wa Elimu ya Kusawazisha Muda katika Gemu za Mdundo

Gemu ya mdundo inadai jambo moja: gusa kioo pigo linapolia. Ukiwahi unakosa, ukichelewa unakosa. Aina hii ya gemu ilikomaa Japani. PaRappa the Rapper ilitoka mwaka 1996, Beatmania ya Konami mwaka 1997, na mwaka 1998 Dance Dance Revolution ikawainua watu vitini na kuwachezesha kwa miguu. Tangu siku hizo, kinachowatoa jasho watengenezaji si picha wala nyimbo, bali swali linaloonekana la kitoto: pigo linalia lini hasa? Programu inadai limelia pale ilipotoa amri. Sikio linasema bado. Kidole nacho kina rai yake.

Kurasa hizi zimeandikwa kwa ajili ya vijana wa Juba wanaojifunza kuandika programu, wengi wao waliorudi na Kiswahili chao kutoka Kakuma, Nairobi au Kampala. Anayedhani kutengeneza gemu ni kazi ya watu wa mbali amkumbuke Lual Mayen. Alizaliwa familia yake ikiwa njiani kukimbia vita, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, na mama yake akadunduliza dola 300 kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu ya Salaam, na mwaka 2018 akatambuliwa katika tuzo za The Game Awards huko Marekani. Salaam ni gemu ya kukimbia: mchezaji anaikwepesha jamii yake isipatwe na vita. Sauti ikichelewa milisekunde 80 ndani ya gemu ya namna hiyo, hakuna atakayelalamika. Ndani ya gemu ya mdundo, milisekunde 80 ni tofauti kati ya bingwa na mtu anayeitupa simu kitandani kwa hasira.

Basi tuanze na safari ya sauti. Programu ikiamuru pigo lilie, simu haililizi papo hapo. Inaziweka sampuli za sauti kwenye foleni, fungu baada ya fungu. Fungu la sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 5 na kidogo. La sampuli 960 ni milisekunde 20. Simu ikipanga mafungu kadhaa kwa kuogopa sauti isikatike, muda unajumlika. Simu za Android za miaka ya mwanzo zilizidi milisekunde 100 bila aibu. Hali ilibadilika sana Android 8 ilipokuja na njia mpya ya sauti iitwayo AAudio mwaka 2017, lakini simu za bei nafuu zinazojaa vibandani bado zinatofautiana mno, kwa hiyo usiazime namba ya simu ya mwenzako. Ukiunganisha spika ya Bluetooth, milisekunde 150 hadi 250 si ajabu. Baada ya hapo kuna hewa: sauti husafiri kama mita 34 kwa kila milisekunde 100, jambo ambalo halina uzito kwa mwenye simu mkononi, ila kwa aliyesimama mwisho wa uwanja wa harusi lina uzito.

Mguso nao una safari yake. Kioo hukaguliwa mara nyingi kwa sekunde, na programu nyingi husoma miguso mara moja tu kwa kila picha, yaani kila milisekunde 16.7 kwenye kioo cha picha 60 kwa sekunde. Hapa kuna dawa ya bure ambayo wanaoanza huisahau: Android huugonga kila mguso muhuri wa saa. Soma muhuri huo, usisome saa ya picha iliyofuata.

Wenye fedha walilitatua tatizo hili kwa vyuma. Gitaa la Rock Band 2, mwaka 2008, lilikuwa na kihisi cha mwanga na maikrofoni ndani yake; unalielekeza kwenye televisheni, linajipimia ucheleweshaji wa picha na wa sauti. Sisi tutatumia ukucha.

Andika programu ndogo isiyo na kitu ila kioo cheusi: ukikigusa, inatoa mlio mmoja mfupi, mkavu, mwembamba. Iweke simu mezani, na kando yake simu ya pili ikirekodi. Sasa piga kioo kwa ncha ya kidole, ukucha na nyama vifike pamoja, maana kioo cha kugusa hakiusikii ukucha peke yake na rekodi haiisikii nyama peke yake. Rudia mara 20 hivi. Zima feni. Jenereta ya jirani huwezi kuizima, lakini mlio mwembamba utaonekana juu ya ngurumo yake. Hamishia rekodi kwenye kompyuta, ifungue kwa Audacity, programu ya bure isiyodai bando ukishaipakua, kisha kuza wimbi la sauti mpaka uone vilima viwili: kidogo cha ukucha, kikubwa cha mlio. Hesabu sampuli kati ya mwanzo wa kilima na mwanzo wa kilima. Rekodi ikiwa ya sampuli 48,000 kwa sekunde na ukapata sampuli 4,800, simu hiyo inachelewa milisekunde 100, kuanzia mguso hadi mlio. Ukitumia earphone za waya, bandika moja kwenye maikrofoni ya simu inayorekodi.

Namba hiyo ina thamani kuliko inavyoonekana. Fikiria mchezaji aliye katikati ya wimbo. Pigo lililoamriwa linamfikia sikioni likiwa limechelewa kwa safari ya kutoka. Yeye anagusa. Mguso unaifikia programu ukiwa umechelewa kwa safari ya kuingia. Kwa hiyo programu inauona mguso umechelewa kwa jumla ya safari zote mbili, pamoja na kuwahi au kuchelewa kwa mchezaji mwenyewe. Jaribio la ukucha limepima jumla ya safari zilezile mbili, bila mchezaji. Basi, mchezaji akigusa kufuata ngoma na programu ikaona amechelewa milisekunde 70, na ukucha ulitoa 100, tunajua kwamba mtu huyu huliwahi pigo kwa milisekunde 30.

Kuwahi huko si ulevi wala papara. Mwanasaikolojia Knight Dunlap aliliandika jambo hili mwaka 1910, na mwenzake wa baadaye Bruno Repp alikusanya tafiti za karibu karne nzima katika mapitio yake ya mwaka 2005: mtu akiambiwa agonge pamoja na mlio unaojirudia, kidole hutangulia, mara nyingi kwa makumi machache ya milisekunde, naye anaapa yuko sawasawa. Wanamuziki hutangulia kwa muda mfupi kuliko wengine. Mguu hutangulia zaidi kuliko kidole, na maelezo mojawapo ni kwamba habari za mguuni zina safari ndefu zaidi hadi kwenye ubongo, hivyo mwili unautuma mguu mapema ili vyote vionekane vimefika pamoja. Na hili ndilo la kushika: mlio mtupu ukijazwa mapigo madogo katikati yake, kule kutangulia hupungua. Skrini ya kusawazisha yenye "tik, tik, tik" ya upweke, ambayo gemu nyingi zinayo, inampima mchezaji katika hali ambayo hatakutana nayo ndani ya wimbo wowote. Mpe ngoma yenye nyama. Utakuwa umepima kitu cha kweli.

Kwa kuwa kuchelewa kwa simu na kuwahi kwa mchezaji ni mambo mawili tofauti, nina msimamo wangu katika uwanja huu, na wenzangu kadhaa hawakubaliani nami. Gemu nyingi huhifadhi namba moja ya marekebisho. Mimi nasema zihifadhiwe tatu, kila moja mahali pake: ya simu na njia yake ya sauti, ya mchezaji, na ya wimbo. Muuza nyama wa soko la Konyo Konyo hapa Juba, mizani yake isiporudi sifuri, hatusemi ng'ombe ana kasoro. Wanaopinga husema mchezaji anataka gemu, hataki somo, na namba moja inatosha kwa mtu mmoja mwenye simu moja na hedifoni zilezile kila siku. Kwa mtu huyo ni kweli. Lakini katika nyumba nyingi za Juba simu moja inazunguka kwa kaka, dada na binamu, mchana iko kwenye spika yake yenyewe, jioni imeunganishwa na spika ya Bluetooth ya mtu. Namba moja hapo itakuwa ya uongo kabla jua halijazama. Ukizitenganisha, mtoto akipokezwa simu inabadilika namba yake tu, na spika ikibadilishwa inabadilika namba ya spika tu.

Jinsi ya kumpima mchezaji: mpe miguso 30, itupe 5 ya mwanzo anapotafuta mdundo, ipange iliyobaki kuanzia uliowahi zaidi hadi uliochelewa zaidi na uchukue wa katikati. Usichukue wastani, kwa sababu mguso mmoja wa kukohoa utauvuta. Kisha tazama mtawanyiko. Mtu asiye na mafunzo ya muziki hutawanyika kwa takriban asilimia 4 ya muda kati ya pigo na pigo, aliyefunzwa huweza kushuka hadi kama asilimia 2. Mtawanyiko ukiwa mpana mno, usirekebishe kitu, mwombe arudie. osu!, gemu iliyoanzishwa na Dean Herbert wa Australia mwaka 2007, huwaonyesha wachezaji mtawanyiko wao kila baada ya wimbo, na msimbo wa toleo lake jipya uko wazi kwa yeyote kuusoma. Usome. Una thamani kuliko vitabu vingi.

Kasi ya ngoma ya kupimia ina mtego wake, na hakuna mahali mtego huo unapoonekana vizuri kuliko kwenye amadinda, marimba ya Buganda yenye vibao 12. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik alijifunza kuipiga kwa Evaristo Muyinda, bingwa wa muziki wa Buganda, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950. Wapigaji wawili hukaa pande mbili za marimba hiyohiyo, kila mmoja akiwa na mapigo yake yaliyo sawasawa, na pigo la huyu huangukia katikati ya mapigo ya yule; wa tatu huokota sauti za juu. Yakiungana, mapigo yanaweza kufikia 600 kwa dakika. Piga hesabu: kati ya pigo na pigo ni milisekunde 100.

Chukua sasa simu inayochelewa milisekunde 100 uicheze amadinda juu yake. Pigo la mpigaji wa kwanza litatua mahali pa mpigaji wa pili, kamili, na programu haitaona kosa lolote. Itaona mpigaji sahihi wa upande usio wake. Kanuni inayotoka hapo ni rahisi: ucheleweshaji unaoupima usizidi nusu ya muda kati ya pigo na pigo, la sivyo hutajua mguso ni wa pigo lipi. Kwa mapigo 120 kwa dakika, nusu hiyo ni milisekunde 250, na spika mbovu ya Bluetooth inaikaribia. Mimi hutumia mapigo makuu 75 kwa dakika, yenye mapigo madogo ya kujaza. Polepole kiasi cha kuondoa utata, haraka kiasi cha mwili kuyashika.

Nyimbo zenyewe zina maradhi yake. Faili la MP3 lililotengenezwa kwa LAME, programu ya kugeuza sauti kuwa MP3, kwa kawaida huongezewa ukimya mwanzoni, sampuli 1,105 ukihesabu pia zile za kufungulia, yaani milisekunde 25 kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Programu nyingine huukata ukimya huo, nyingine huuacha. Wimbo uliopita kwenye kadi za kumbukumbu na WhatsApp za watu kadhaa, ukigeuzwa umbo njiani, hauanzi pale ulipoanzia studio. Ndiyo maana namba ya wimbo inafungwa na faili lenyewe, haifungwi na jina lake. Aidha ngoma iliyopigwa na watu haina kasi moja, inachangamka, inapoa. Msomi Francis Mading Deng alitupa maneno na maana ya nyimbo za Wadinka katika kitabu chake cha mwaka 1973, lakini mwenye kutaka kuzicheza kwenye kioo atalazimika kuweka alama pigo kwa pigo, kwa sikio. Kazi hiyo inachosha, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Kuhusu saa: ongoza gemu kwa saa ya sauti, usiiongoze kwa saa ya simu. Fuwele mbili zinazoendesha saa hizo zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, wimbo wa dakika tatu utakuwa umeteleza milisekunde 9. Godot, injini ya bure ambayo msimbo wake uko wazi tangu 2014, inakupa muda tangu fungu la mwisho la sauti lilipochanganywa pamoja na makadirio ya ucheleweshaji. Uchukue muda huo uwe msingi, na makadirio yahakikishwe kwa ukucha. Picha zina marekebisho yake mbali, na jicho ni la polepole kuliko sikio, kwa hiyo ziache mwisho.

Sura zinazofuata zinaingia ndani ya kila jambo lililotajwa hapa, lakini usizisome kabla hujapima simu yako mwenyewe. Ukipata namba, andika pembeni yake modeli ya simu, toleo la Android, njia ya sauti na tarehe, kisha mpe mwenzako. Namba isiyo na hayo manne haimfai mtu.