Kuuza na Kununua Nyumba: Habari za Lamu na Mashauri kwa Watu wa Soin

Ng'ombe akiuzwa kwa bei mbaya, mwenyewe husikitika, lakini huenda mwaka ujao akazaliwa ndama mwingine. Mahindi yakiuzwa mapema kabla bei haijapanda, msimu mwingine utakuja. Nyumba na ardhi iliyo chini yake si hivyo. Boma likiisha kuandikwa kwa jina la mtu mwingine katika daftari la ardhi, watoto wa muuzaji wataliona kwa nje ya ua tu. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwenye shamba, na kila karani anayeweka akiba ya mshahara ili anunue kiwanja, aelewe vema jinsi soko la nyumba linavyokwenda, kabla dalali hajabisha hodi.

Katika makala hii twataka kutazama mambo yaliyotokea katika kisiwa cha Lamu, kisha turudi kwetu Soin. Huenda msomaji akauliza: Lamu ni kisiwa cha chumvi na minazi, na Soin ni nchi ya chini yenye joto, ya miwa na mahindi, iliyo chini ya vilima vya chai vya Kericho, zahusiana nini? Zahusiana kwa mambo mawili. Kwanza, sheria za ardhi za Kenya zafika Lamu kama zifikavyo Soin. Pili, kisiwa hakina mahali pa kupanukia. Bara mtu akiuza shamba aweza kudhani kwamba atapata jingine mbele kidogo. Kisiwani mbele ni bahari. Basi mambo ambayo bara huchukua muda mrefu kuonekana, kisiwani huonekana upesi.

Nyumba za kale za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Mbele ya mlango huwa na daka, yaani ukumbi mdogo wenye viti vya mawe, ambapo wageni hupokewa. Na ndani kuna vidaka vilivyochongwa ukutani. Njia za mji ni nyembamba, na mizigo huchukuliwa na punda. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia mji huo wa kale katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo ina masharti yake: mwenye nyumba hawezi kubomoa au kubadili jengo la kale kama apendavyo, sharti apate ruhusa ya wale waliopewa kazi ya kuhifadhi mji.

Tena nyumba hizo hazikuwa bidhaa ya sokoni. Katika koo kubwa za Lamu ilikuwa desturi baba kumpatia binti yake nyumba aolewapo, au kumjengea orofa juu ya nyumba yake mwenyewe, na mume huja kukaa kwa mkewe. Mara nyingine nyumba mbili za ndugu ziliunganishwa juu ya njia kwa chumba kiitwacho wikio, ili wanawake waweze kutembeleana bila kushuka barabarani. Mwenye nyumba akifa, warithi hupata mafungu yao kwa sheria ya Kiislamu. Baada ya vizazi viwili au vitatu, nyumba moja yaweza kuwa na wenyewe ishirini, mwingine yuko Mombasa na mwingine yuko ng'ambo. Na nyumba iliyowekwa wakfu haiuzwi kabisa.

Katika miaka ya 1970 na kuendelea, wasafiri kutoka Ulaya walianza kuipenda Lamu, na baadhi yao wakanunua nyumba mjini, na hasa katika kijiji cha Shela kilicho karibu na pwani ya mchanga. Nyumba kuukuu ambayo warithi ishirini hawakuweza kuitengeneza dari ikapata mnunuzi mwenye fedha nyingi. Hapana wa kuwalaumu waliouza. Nyumba ya mawe inataka chokaa na boriti mpya mara kwa mara, na fungu moja katika mafungu ishirini halimlazi mtu wala kumlisha. Lakini fedha zile zilipogawanywa, kila mrithi alichukua kiasi kisichotosha kununua nyumba nyingine katika mji ule ule. Kwa maana bei iliyompa yeye fedha ndiyo bei iliyopandisha nyumba ya jirani. Binti ambaye angepata orofa kwa desturi ya wazee, sasa alitafuta chumba cha kupanga.

Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba wanunuzi walipata faida sikuzote. Soko la kisiwani hujaa na kupwa kama maji ya bahari. Mwezi Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa nyara katika sehemu za jirani, na serikali za Ulaya zikawaonya watu wao wasiende huko. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya sitini waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu, upande wa bara wa Lamu, na amri ya kutotoka nje usiku ikawekwa. Mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulisimamisha ndege. Kila mara wageni walipokosekana, mwenye nyumba ya kupangisha alikaa na vyumba vitupu, na aliyetaka kuuza hakumpata wa kununua. Bei ya nyumba ni maneno tu mpaka apatikane mtu wa kuitoa.

Kisha ikaja habari ya bandari. Tarehe 2 Machi 2012 marais na viongozi wa Kenya, Sudani Kusini na Ethiopia walifungua rasmi ujenzi wa bandari ya Lamu, upande wa bara, na gati ya kwanza ilianza kazi Mei 2021. Habari ya bandari ilitangulia bandari yenyewe. Watu waliisikia, wakakimbilia ardhi. Tarehe 31 Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati 22 za makampuni, zenye kadiri ya ekari 500,000 katika Lamu, kwa kuwa zilitolewa isivyo halali. Hapo ndipo watu wengi walipojua kwamba karatasi yenye muhuri yaweza nayo kuwa na asili mbovu.

Sasa na turudi Soin. Hapa kwetu hakuna watalii wa kupandisha bei, lakini bei hupandishwa na mambo mengine: barabara ikitiwa lami, umeme ukifika, mji mdogo ukikua njiapanda, au watu wa nchi ya juu, ambako mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande, wakishuka kutafuta mahali penye nafasi. Dalali hutangulia kujua mambo haya kuliko mwenye shamba. Kwa hiyo mtu akija kwako na bei nzuri kuliko ulivyotazamia, kabla ya kufurahi jiulize: huyu amesikia nini ambacho mimi sijasikia? Na swali la pili, ambalo warithi wa Lamu walilijibu wamechelewa: fedha hizi zitaninunulia nini, na wapi, kwa bei ya leo? Asiyeweza kutaja mahali na bei, hajawa tayari kuuza.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Neno hili lamfaa mnunuzi. Hati ya kumiliki ardhi ni mlango. Ndani ni daftari. Mnunuzi na aende ofisi ya ardhi kuomba uchunguzi rasmi wa daftari, ili aone jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, kama imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio lililoandikwa. Tena asiishie hapo, bali aulize ardhi ile ilitoka kwa nani na kwa njia gani. Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Dina Management juu ya kiwanja cha pwani huko Mombasa, iliamua kwamba hati peke yake haimkingi aliyenunua, ikiwa asili ya hati hiyo haikufuata sheria. Kisha atembee mipakani pamoja na mpima ardhi na majirani. Kwa maana jirani hujua kesi ambazo daftari halizijui.

Jambo la pili ni ardhi ya marehemu. Mara nyingi shamba bado limeandikwa jina la baba aliyefariki zamani, na mwanawe mmoja anauza ekari mbili kana kwamba ni zake. Huyo hana cha kuuza. Kwa Sheria ya Urithi, ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama itoe barua za usimamizi na kuzithibitisha. Na kwa sheria hiyo hiyo mabinti ni watoto kama wana. Katika desturi za Wakipsigis shamba lilifuata wana na nyumba za mama zao, na katika desturi za Lamu nyumba ilimfuata binti. Lakini mbele ya mahakama, mnunuzi aliyewaruka dada za muuzaji amenunua kesi.

Jambo la tatu ni mume na mke. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza nyumba ya ndoa kuuzwa bila idhini ya wote wawili. Idhini hiyo na iandikwe. Mke aliyenyamaza jikoni hajakubali.

Jambo la nne ni maandishi. Mapatano ya kuuza ardhi sharti yaandikwe, yatiwe sahihi na muuzaji na mnunuzi, na yashuhudiwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ni desturi kutoa kadiri ya sehemu kumi katika mia kwanza, na iliyobaki kulipwa mambo yote yakamilikapo. Asitoe mtu fedha zake zote siku ya kupeana mikono, hata kama muuzaji ni rafiki wa kanisani.

Jambo la tano ndilo husahauliwa na wengi wa mashambani. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967, ardhi ya kilimo haiuzwi wala kugawanywa bila idhini ya Bodi ya Ardhi. Maombi sharti yapelekwe katika miezi sita tangu mapatano kufanywa. Idhini isipopatikana, mapatano huwa si kitu mbele ya sheria, na aliyelipa hubaki kudai fedha zake kama deni tu. Bodi yaweza kukataa, kwa mfano ikiona kwamba kugawanya shamba kutaharibu kilimo, au kwamba bei si ya haki. Watu husema bodi ni usumbufu. Lakini hapo ndipo mahali ambapo familia yaweza kusimama na kusema hapana kabla shamba halijaondoka.

Jambo la sita ni gharama. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu: mbili katika mia kwa ardhi ya mashambani, na nne katika mia kwa ardhi ya mjini. Shamba la shilingi 800,000 litataka ushuru wa shilingi 16,000; nyumba ya mjini ya shilingi 3,000,000 itataka 120,000. Muuzaji naye, tangu tarehe 1 Januari 2023, hutozwa kumi na tano katika mia ya faida aliyopata. Hata hivyo kodi hiyo ina misamaha, kama kwa nyumba ambayo mwenyewe ameikaa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza, na shamba la kilimo lisilofika ekari 50 lililo nje ya mji. Na aulize mapema, asije akakata tamaa wakati wa kuhesabu.

Mwisho, kwa wale wanaotamani kununua karibu na bahari, wajue kwamba kila nchi ina sheria yake. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 yasema kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kuikodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Ndiyo sababu mikataba ya miaka 999 ya makampuni ya kigeni ya chai ya Kericho ilipunguzwa. Unguja na Pemba, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, ardhi yote ilitangazwa kuwa ya serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Mkenya anayesikia kwamba nyumba inauzwa Unguja, na aulize kwanza ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Hatusemi kwamba watu wasiuze. Kuna siku ambapo karo, ugonjwa au deni humlazimisha mtu, na kuna siku ambapo kuuza kipande cha mbali ili kujenga nyumba imara ni akili njema. Twasema hivi: jioni kabla ya kumwita dalali, na wakae mume, mke na watoto waliokua, wana kwa mabinti, waandike kwenye karatasi kiasi kitakachopatikana, kitakachotozwa, kitakachobaki, na mahali watakapokaa. Kama mstari huo wa mwisho haujajazwa, karatasi na iwekwe kabatini, na shamba lilimwe mwaka mwingine.