Injini ngeni, giaboksi kuukuu: pima kabla hujanunua

Je, msomaji, kwenu kuna gari kuukuu lililoegeshwa nyuma ya nyumba, magurudumu yamelala na nyasi zimeota hadi mlangoni? Basi huenda pia kuna kijana ambaye kila Jumamosi hulizunguka akilitazama kwa jicho la matumaini. Anasema akipata injini ya mtumba kutoka Japani, gari litanguruma tena. Usimvunje moyo. Lakini kabla baba hajafungua mkoba au mama hajaomba mkopo kwenye chama, someni makala haya pamoja.

Wengi wanaofunga injini ya gari hili kwenye giaboksi ya gari lile hudhani kuwa kazi yote ni injini. La hasha! Injini hununuliwa kwa mchana mmoja tu pale Kirinyaga Road, jijini Nairobi. Kinachomaliza pesa ni kile kipande cha shubiri moja kilicho kati ya injini na giaboksi.

Chukua mfano wa Toyota Corolla KE70, ambayo wengi humu nchini huiita DX. Gari hili lilianza kuundwa mwaka wa 1979, na nyingi zilikuwa na injini ya 4K yenye ukubwa wa cc 1,290 na nguvu za farasi zisizofika 80. Vijana hupenda kuiondoa na kuweka 4A-FE ya cc 1,587, ambayo katika Corolla za AE101 zilizouzwa Japani ilikuwa na nguvu za farasi 115. Zote ni Toyota, kwa hivyo mtu hudhani zitaingiliana kama kidole na pete.

Haziingiliani. Matundu ya bolti nyuma ya 4A hayalingani na yale ya giaboksi ya K50 iliyokuwa ikifanya kazi na 4K. Inayolingana na injini hiyo, na bado ikapeleka nguvu magurudumu ya nyuma, ni giaboksi ya T50, ile iliyofungwa katika AE86 kati ya 1983 na 1987. Kwa hivyo anayenunua injini kwanza, kisha akaanza kutafuta giaboksi, huenda akakaa na chuma barazani mwaka mzima.

Mambo matano ya kupima

Kwanza, matundu ya bolti. Tafuta boksi la karatasi ngumu, uchore matundu ya nyuma ya injini, halafu uyalinganishe na ya giaboksi. Usisahau vile vipini viwili vinavyoshika giaboksi isicheze. Giaboksi ikikaa upande hata kwa kiasi kinachozidi kidogo unene wa karatasi, klachi itatetemeka na beringi zitalia mapema.

Pili, shafti ya giaboksi. Ncha yake huingia katika beringi ndogo nyuma ya krenki. Injini iliyotoka katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele mara nyingi haina beringi hiyo. Aidha, fundi akikuwekea bamba la chuma ili kuunganisha vitu visivyolingana, ujue unene wa bamba hilo unairudisha shafti nyuma, na ncha huenda isifike mahali pake.

Tatu, klachi. Pleti yake sharti iwe na meno yanayolingana na ya shafti, na kipenyo kinachotoshea flaiwili. Hesabu meno kwa kidole, usikisie kwa macho.

Nne, stata. Meno yake yasiposhikana sawasawa na ya flaiwili, utasikia mlio wa kukwaruza kila asubuhi hadi meno yaishe.

Tano, urefu. Giaboksi mpya ikiwa ndefu au fupi kuliko ya kale, propela shafti itabidi ikatwe au irefushwe. Kazi hiyo ifanywe na mwenye mashine ya kukereza na ya kusawazisha mzunguko, wala si kuchomelewa ovyo kando ya barabara. Propela ikikatika gari likiwa mbioni, hakuna dereva hodari.

Isitoshe, injini kama 4A-FE huongozwa na kompyuta. Nunua nyaya na kompyuta yake siku ile ile, na uulize kama ilitoka kwenye gari la giaboksi ya mkono au ya kujibadilisha yenyewe.

Breki na karatasi

Hapa ndipo wazazi wanapaswa kusikiliza. Gari lililoundwa kwa nguvu za farasi zisizofika 80 lina breki za nguvu hizo. Ukiongeza nguvu bila kuongeza breki, umempa mwanao mbio bila kumpa njia ya kusimama. Pesa za breki zitengwe kabla ya za injini.

Halafu kuna kitabu cha usajili, ambacho kina nambari ya injini. Ukibadilisha injini ni sharti uiarifu NTSA, gari likaguliwe na nambari mpya iandikwe. Dai risiti yenye nambari hiyo kutoka kwa aliyekuuzia, kwa maana injini isiyo na karatasi inaweza kuwa ya wizi. Iarifu pia kampuni ya bima, isije ikapata kisingizio cha kukataa kulipa siku ya ajali.

Je, kuna njia rahisi? Ipo. Nunua injini na giaboksi zikiwa bado zimefungwa pamoja, na klachi, stata, nyaya na kompyuta yake, kutoka gari moja linaloendeshwa kwa magurudumu yale yale kama lako. Bei itakushtua siku ya kwanza, lakini utakuwa umelipa mara moja.

Kijana wako akishaandika vipimo hivyo vitano kwenye daftari na kukuonyesha, hapo ndipo mzungumze habari za pesa. Kama daftari bado ni tupu, mwambie arudi nyuma ya nyumba na futi yake. Gari lililongoja miaka kumi haliwezi kushindwa kungoja wiki moja zaidi.