Uso wa mama unapogeuka fumbo

Mama anarudi kutoka shambani, kapu la sombe kichwani, jua limempiga tangu asubuhi. Anatua mzigo, anamtazama mwanawe bila neno. Amechoka tu. Kijana yeye anaona hasira, pengine chuki. Anatoka nje, na usiku unaingia hajarudi. Majirani hawakosi kusema kwamba amelogwa.

Visa vya namna hii, Kasongo, Kabambare au kwingineko Maniema, mara nyingine vina jina la hospitalini: skizofrenia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 24 wanaishi nayo, kama mtu 1 katika kila 300. Mara nyingi huanza ujanani, na wanaume huwahi kuipata. Wengi tunaijua kwa sauti ambazo mgonjwa huzisikia peke yake. Habari ya nyuso haizungumzwi sana, na ndiyo inayovunja nyumba.

Kwa miaka mingi watafiti wamewaonyesha wagonjwa picha za watu wenye furaha, hofu, huzuni na hasira. Mwaka 2010 Christian Kohler na wenzake, huko Marekani, walizipitia tafiti 86 na kukuta udhaifu mkubwa wa kusoma hisia usoni. Hofu husumbua zaidi, na uso uliotulia, usio na lolote, mara nyingine husomwa kuwa wa adui.

Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Ndiyo inayotutahadharisha na hatari, na ndiyo inayosaidia tukio lenye furaha au uchungu likae moyoni miaka. Katika skizofrenia kazi hiyo huyumba. Baadhi ya tafiti zimeonyesha kwamba mgonjwa hufurahia picha nzuri karibu sawa na wengine, lakini kesho yake furaha ile haimsaidii kuikumbuka. Kwa hiyo wema wa jana unaweza kumtoka, nasi tukamwita hana shukrani. Tunamwonea. Hata uso wake mkavu unatudanganya: mwaka 1993 Ann Kring na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa waliotazama filamu walionyesha hisia kidogo usoni, ilhali ndani walizihisi kama watu wengine.

Dawa kama haloperidoli hutuliza sauti. Hazisahihishi sana usomaji wa nyuso. Hapo ndipo familia inapohitajika. Utafiti wa George Brown na wenzake, London, ulionyesha kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya lawama na ukali huugua tena upesi zaidi. Basi uso usiposomeka, ulimi useme: "Mwanangu, ni mimi mama yako. Nimechoka, sijakukasirikia." Ukiyasema leo, yaseme na kesho.

Kituo cha SOSAME cha magonjwa ya akili kiko Bukavu, ni mbali na ni gharama kufika. Lakini Kasongo ndiyo iliyojulikana duniani tangu miaka ya 1970 kwa vituo vya afya vilivyo karibu na watu, wauguzi wakiwa mbele na hospitali nyuma yao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 unataka magonjwa ya akili yatibiwe kwa njia hiyohiyo. Viongozi wa afya wa Maniema, wapeni wauguzi mafunzo na dawa. Nawe mzazi, kijana wako akianza kujitenga na kuziogopa nyuso za nyumbani, usimfunge kamba. Mpeleke kituo cha afya mapema.