ISTILAHI ZA VIFAA VYA KUFUNGIA SOKETI ZA MTANDAO

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi za vifaa vinavyotumika kufunga soketi za mtandao majumbani, yaani yale matundu ya ukutani ambamo huchomekwa waya wa kompyuta. Jambo hili si la mafundi peke yao. Mwalimu hulifundisha, mfasiri hulikuta katika vitabu vya maelekezo, na mtumishi wa serikali huliandika katika hati za zabuni. Jina likikosewa, kitanunuliwa kifaa kisichoweza kufanya kazi iliyokusudiwa.

Tuanze na soketi yenyewe. Mfasiri anayelichukua neno la Kiingereza kama lilivyo ataandika "jeki". Lakini jeki kwa Mswahili ni chombo cha kuinulia gari, na msomaji hatakuwa na kosa akielewa hivyo. Neno soketi limekwisha kuzoeleka katika umeme, na mwenziwe ni plagi: plagi huingia, soketi hupokea. Kwa hiyo twapendekeza soketi ya mtandao na plagi ya mtandao. Tofauti hii ndiyo msingi wa yote yanayofuata, kwani kila moja ina kifaa chake.

Kebo ya mtandao ina nyaya 8 za shaba, zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi 4, ndani ya ganda moja. Kazi ya kwanza ni kuliondoa ganda hilo bila ya kuzijeruhi nyaya. Kifaa chake twakiita kichunio, kutokana na kuchuna. Kinachochunwa ni ganda la nje tu. Ngozi ya kila waya huachwa.

Nyuma ya soketi mna vifereji 8 vyenye meno ya chuma. Waya ukisukumwa kwa nguvu, meno hupasua ngozi yake na kuigusa shaba. Kifaa cha kusukumia twapendekeza kiitwe kishindilio. Kitenzi kushindilia si kigeni: ndicho kilichotumiwa kwa baruti iliyosukumwa ndani ya mtutu wa gobore. Ulimi wa kishindilio una makali upande mmoja, ya kukatia ncha iliyozidi. Makali hayo hayana budi kuelekea nje ya soketi, ama sivyo yatakata waya unaohitajiwa.

Hapa ndipo penye hatari ya kuchanganya. Koleo la kubania hufunga plagi mwishoni mwa kebo, halifungi soketi. Hati isemayo "koleo la mtandao" bila ya ufafanuzi itamletea fundi wa soketi kifaa asichoweza kukitumia. Aidha, ziko soketi ambazo nyaya zake hubanwa kwa kifuniko chake zenyewe, nazo hazihitaji kishindilio. Hati itaje aina ya soketi kwanza, kisha kifaa.

Kifaa cha mwisho ni kipima kebo. Hatukuchagua "testa", kwa sababu mafundi umeme hulitumia neno hilo kwa bisibisi ya kutambulisha umeme. Kipima kebo huonyesha kama kila waya umefika mahali pake. Mipangilio ya rangi ni miwili, T568A na T568B, ambayo hutofautiana kwa kubadilishana nafasi za jozi ya kijani na ya rangi ya machungwa. Ncha zote mbili za kebo sharti zifuate mpangilio mmoja. Lakini kipima cha kawaida hakifichui msokoto uliofumuliwa kupita kiasi. Fundi asifumue zaidi ya milimita 13.

Msomaji ataona kwamba tumeufuata mwongozo mmoja: kifaa kiitwe kwa kazi kinayoifanya. Kuchuna, kushindilia, kubana, kupima. Anayeyajua majina ameijua na kazi. Haya ni mapendekezo. Twawaomba walimu wayajaribu darasani na wafasiri katika hati zao, na mwenye jina bora lililokwisha kuenea miongoni mwa mafundi atuletee.