Wekundu wa Cheo



Juma hili twawaletea habari za mnyama asiyeishi katika misitu yetu, naye ni mandrili. Kwao ni misitu ya mvua ya Gaboni, kusini mwa Kameruni, Guinea ya Ikweta na kusini-magharibi mwa Kongo-Brazzaville. Katika jamii yote ya kima na nyani hakuna amshindaye kwa ukubwa. Dume aliyekomaa hufikia kilo 30 na zaidi, lakini jike ni kama kilo 12 tu.

Ukimtazama dume usoni utastaajabu. Pua yake ni nyekundu, mashavu ni ya buluu yenye mikunjo, na ndevu ni za manjano. Je, rangi hizi zatoka wapi? Buluu hiyo haitokani na rangi iliyomo ndani ya ngozi. Ngozi ina nyuzi nyembamba mno zilizopangwa kwa utaratibu, nazo huturudishia mwanga wa buluu. Wekundu, kwa upande wake, ni damu yenyewe ipitayo katika mishipa midogo iliyo karibu na ngozi. Kwa hiyo wekundu waweza kuzidi au kupungua.

Hapo ndipo penye ajabu. Wataalamu waliowachunguza mandrili huko Franceville, Gaboni, waliona kwamba dume akipanda cheo na kuwa mkubwa wa wenzake, homoni za kiume huongezeka mwilini mwake, na uso wake huwa mwekundu zaidi. Akipinduliwa, wekundu huo huanza kufifia. Basi rangi ile si mali yake ya daima. Huja na cheo, na cheo kikiondoka nayo hupungua.

Rangi hiyo ina kazi. Madume wana meno ya chonge marefu, na jeraha lake laweza kuua. Lakini wakutanapo hutazamana kwanza, na aliyefifia humpisha mwenye wekundu mkali. Ugomvi huzuka zaidi kati ya wale ambao rangi zao zakaribiana. Tena mandrili akitoa meno bila kelele, mgeni hudhani amekasirika, kumbe anasalimu kwa amani! Ni mara ngapi nasi tumemhukumu mtu kwa uso wake kabla ya kujua desturi za kwao?

Huko Lopé, nchini Gaboni, limehesabiwa kundi lenye mandrili zaidi ya 800. Wengi ni majike na watoto, ambao hutembea wakitafuta matunda, mbegu, mizizi na wadudu. Madume wakubwa hukaa peke yao sehemu kubwa ya mwaka, kisha hujiunga na kundi majira ya kupandana.

Lakini wingi huo, ambao ni kinga kwao mbele ya chui, ni hatari mbele ya mwindaji. Kundi lenye kelele husikika kutoka mbali, na barabara za wakata magogo humfikisha mwenye bunduki mahali ambapo zamani hakufika. Uso mwekundu humzuia dume mwenzake. Haumzuii mfanya biashara ya nyama ya msituni. Ndiyo maana mandrili amewekwa katika orodha ya wanyama walio hatarini.

Pengine mtasema, Gaboni ni mbali. Zamani mandrili alidhaniwa kuwa ndugu wa nyani tuwaonao kando ya barabara. Uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba yeye ni wa karibu zaidi na kima waitwao mangabe kuliko nyani hao, na mmoja wao yuko kwetu: mangabe wa Mto Tana. Huyu haishi penginepo duniani ila katika vipande vya msitu kando ya mto huo, na vipande hivyo vimezidi kupungua kwa kukatwa miti na kulimwa mashamba.

Basi tukimsikitikia mandrili wa mbali, tusimsahau nduguye aliye mlangoni petu. Sisi nasi tumepewa cheo juu ya viumbe hawa, na cheo, kama tulivyoona, si kitu cha kudumu.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.