Fahamu: Jinsi saa inavyompima mkimbiaji mlimani
Saa ya mwanariadha anayepanda kutoka Kiserian kwenda Milima ya Ngong, yenye kilele cha mita 2,460, hubeba vihisi kadhaa. Kimoja hupokea mawimbi ya setilaiti na kukokotoa umbali na kasi. Kingine huhesabu hatua kwa mtikisiko wa mkono. Mapigo ya moyo hupimwa kwa taa ya kijani: damu hufyonza nuru hiyo, hivyo kila pigo hubadilisha kiasi kinachorudi. Hapo ndipo penye udhaifu. Saa ikilegea, au ngozi ikipata baridi, takwimu huyumba. Mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe, huaminika zaidi. Kocha hulinganisha mazoezi ya mwinuko uleule: mapigo yakipungua kwa kasi ileile, stamina imepanda. Takwimu za Mombasa hazifai kulinganishwa na hizo, kwa kuwa hewa nyepesi ya mlimani huuharakisha moyo.