Watoto Waliotolewa Nyumbani: Riwaya Tatu na Hukumu ya Msomaji

Yusuf ana umri wa miaka 12 anapopandishwa gari moshi pamoja na Aziz, mfanyabiashara tajiri ambaye kila akipita kwao humwachia sarafu ya anna kumi. Nyumbani wamemzoesha kumwona kama jamaa. Anakuja kuelezwa ukweli na Khalil, kijana anayeuza katika duka la tajiri huyo: Aziz si jamaa yake hata kidogo, na asithubutu kumwita kama alivyozoea, amwite Seyyid. Baba yake ana deni, na yeye mtoto ndiye rehani.

Hivyo ndivyo inavyoanza Peponi, tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kitabu chenyewe, Paradise, Abdulrazak Gurnah alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka huohuo kikaingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Ilibidi mwandishi huyo mzaliwa wa Zanzibar apate Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka 2021, ndipo watu wa pwani anayoiandika wakaweza kumsoma kwa lugha yao. Kungoja huko kulikuwa kurefu mno, na wachapishaji wa kanda hii wana la kujiuliza.

Peponi inasomeka vizuri peke yake. Lakini msomaji anayeisoma mfululizo na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) atagundua kwamba ana visa vitatu vya jambo moja mkononi. Katika kila kitabu kuna kijana ambaye watu wazima wamekwisha kumpangia maisha kabla hajafungua mdomo. Yusuf anatolewa kulipia deni. Yasmin wa Vuta N'kuvute anaozwa. Rosa analindwa kwa bakora. Swali linalojitokeza ni hili: mwandishi yupi amemtendea haki kijana wake?

Swali la namna hiyo haliulizwi sana darasani. Wengi waliosoma riwaya za Kiswahili shuleni, Tanzania na hata Kenya, wamezisoma kwa kutafuta dhamira, wahusika, mandhari na tamathali za semi, mwongozo wa mtihani ukiwa pembeni. Mwanafunzi anajifunza kutaja kwamba mwandishi amefaulu kuonyesha nafasi ya mwanamke katika jamii. Haulizwi kama mwisho wa kitabu ulimridhisha au ulimuudhi. Matokeo yake, mtu mzima mwenye akili zake timamu anaweza kumaliza riwaya nzito na akaogopa kusema hakuipenda, kana kwamba idhini ya kusema hivyo iko kwa mwalimu.

Rosa Mistika inastahili kusemwa waziwazi. Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo huko Ukerewe, alikuwa hajafika miaka 30 kitabu hiki kilipotoka, na kwa muda kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Anayekisoma leo ataona mara moja kwa nini kiliwatisha wakubwa. Zakaria, baba mlevi, anamkamata binti yake na barua ya kijana aitwaye Charles na kumpiga kwa ukatili. Mtoto huyo anakua hajui kuzungumza na mvulana wala kumkataa mwanamume. Anapotoka chini ya macho ya baba yake, akaingia shule ya bweni kisha chuo cha ualimu Morogoro, wanaomzunguka ni watu wazima wenye vyeo wanaojua vyema wanachokitaka kwake. Hakuna riwaya ya Kiswahili ya miaka ile iliyofuatilia chanzo cha maafa ya msichana mmoja kwa ujasiri kama huu, hatua kwa hatua, hadi mlangoni kwa baba.

Hapo sifa zinakutana na malalamiko. Baada ya kuonyesha kwa uwazi wote kwamba Rosa ameharibiwa na wengine, Kezilahabi anamfanya yeye ndiye wa kulipa. Rosa anajitoa uhai, na baadaye baba na binti wanajikuta mbele ya hukumu ya Mungu. Wapo wanaouona mwisho huo kuwa kilele cha kitabu, na hoja yao inaeleweka: duniani Zakaria hakuwahi kuulizwa. Hata hivyo, kwa hukumu ya makala haya, Rosa alistahili kuachwa hai. Kufa kwake kunawaondolea watu wa kijiji chake, na wasomaji pia, kazi ngumu ya kuishi na mwanamke aliyekosea na bado anapita njiani kila asubuhi.

Kazi hiyo ndiyo aliyoibeba Adam Shafi. Yasmin, msichana wa Kihindi katika Zanzibar ya wakati wa Waingereza, ameozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima anayeweza kuwa baba yake, na kutembea naye barabarani kunamtia aibu. Anamwacha. Jamaa zake wanamfungia mlango. Mlango unaofunguka ni wa Mwajuma, mwanamke Mwafrika anayeishi Ng'ambo, upande wa pili wa hori iliyoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya walalahoi.

Mwajuma ndiye roho ya kitabu hiki, ingawa maswali ya mtihani humkimbilia Denge, mpigania uhuru aliyesoma Urusi na anayewindwa na makachero wa kikoloni. Mwajuma hana hotuba. Ana chumba, ana chakula cha siku hiyo, ana sauti ya taarabu, na ana moyo wa kumpokea mtu aliyekataliwa na watu wake mwenyewe. Katika mji ambao Mhindi, Mwarabu na Mwafrika kila mmoja amepangiwa mtaa, shule na heshima yake, wanawake wawili wanaogawana kitanda na sufuria wanaibomoa ile mipaka bila mkutano wala kadi ya chama. Shafi analijua hilo, na kurasa za chumbani kwa Mwajuma zina uhai ambao kurasa za siasa hazina kila mara. Denge anapoanza kueleza ukoloni, mazungumzo hugeuka mhadhara. Kasoro hiyo ilikuwa kubwa zaidi katika Kuli (1979), riwaya yake kuhusu wapagazi wa bandarini na mgomo wa Zanzibar wa 1948. Kufikia Vuta N'kuvute mkono ulikuwa umekomaa. Kubwa kuliko yote, Yasmin anapenda, anakosea, anaachwa, anaanza upya, na mwandishi hamwadhibu. Amil Shivji alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, alikuta hadithi ambayo bado ina damu ya moto.

Yusuf wa Gurnah ni kijana wa aina nyingine, na ndiye atakayewagawa wasomaji. Ni mkimya. Anaongozana na msafara wa Aziz hadi bara, anaona maradhi, hongo na mauaji, anafika mjini kwa mtawala Chatu ambako tajiri ananyang'anywa mali yake, anarudi, na katika yote hayo hasemi mengi. Katikati ya kitabu mtu hutamani amkamate mabega amtikise. Lakini macho ya Yusuf hayakosi kitu, na kwa macho hayo tunaiona pwani bila mapambo: biashara ya misafara, watu waliowekwa rehani, bustani nzuri yenye ukuta, na Wajerumani wanaozidi kusogea. Msomaji aliyelelewa na Sura ya Yusuf ataitambua kanzu iliyochanwa kwa nyuma pale bibi wa nyumba anapomtaka kijana, naye atafurahi kuona jinsi Gurnah anavyokipeleka kisa hicho mahali pasipo na wokovu. Huyu Yusuf hafikii kuwa waziri wa Misri.

Mwishoni anafanya jambo moja kwa hiari yake. Askari wa Wajerumani wamepita wakikamata watu, wameondoka na mateka wao, na Yusuf anawakimbilia. Kwa mtazamo wa makala haya, huo ndio mwisho wenye nguvu kuliko yote katika riwaya hizi tatu, na pia ndio wa kusikitisha kuliko yote: mtoto aliyetolewa rehani anachagua mwenyewe bwana mwingine, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha maisha yasiyo na bwana. Yasmin alikuwa na Mwajuma. Yusuf ana Khalil tu, ambaye naye aliletwa kwa Aziz kama rehani. Anayetaka kujua maisha ya askari wa jeshi lile yalikuwaje asome riwaya nyingine ya Gurnah, Afterlives ya mwaka 2020, ambamo kijana aitwaye Hamza anavaa sare hizohizo na kupigana vita visivyomhusu.